Safari Mbili za Jahazi

Mtu akikuambia kwamba mzee wa Kiegei, mkulima wa mikorosho na ufuta, mwalimu mstaafu asiyejua hata kuogelea, amekwenda kustarehe baharini ndani ya jahazi la tanga, una haki ya kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Bahari ya karibu nasi ni ile ya Lindi, nayo ni safari ya saa kadhaa kwa basi. Wako watoto wengi hapa kijijini wanaomaliza darasa la saba hawajapata kuionja chumvi yake. Hata hivyo, mwezi Julai mwaka 2025, nikiwa na umri wa miaka 75, niliketi juu ya mto wa hariri ndani ya jahazi pale Unguja, nikiwa na bilauri ya maji ya ukwaju mkononi, huku vijana wa watu wakinivulia viatu. Napenda nikueleze, msomaji, jinsi ilivyokuwa, maana jambo nililolileta nyumbani kutoka katika safari ile silo nililotumwa kulifuata.

Chanzo ni watoto wetu. Mwaka huo mimi na mama yao tulitimiza miaka 50 ya ndoa. Wakafanya kikao bila ya sisi, jambo ambalo zama zetu lisingewezekana, wakachanga fedha, na kijana wetu wa tatu, anayefanya kazi Dar es Salaam, akaja mwezi Mei na simu yake kubwa kutuonyesha walichokusudia. Alianza na mambo ya mbali, nadhani ili ya karibu yaonekane mepesi. Alituonyesha merikebu moja iitwayo Royal Clipper, yenye milingoti mitano na matanga 42, urefu wake mita 134, iliyoanza kazi mwaka 2000. Hubeba abiria zaidi ya mia mbili wanaolipa fedha nyingi ili wasukumwe na upepo. Juu ya sitaha yake kuna mabwawa ya kuogelea. Mabwawa, katikati ya bahari! Kisha akatuonyesha nyingine, Sea Cloud, yenye milingoti minne, iliyoundwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1931 kwa ajili ya mama mmoja tajiri wa Marekani, Marjorie Merriweather Post, na mumewe wa wakati ule. Nayo, licha ya uzee wake, bado inachukua watalii.

Mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Hizo hazina mashine?"

"Zinazo, mama," akajibu kijana, "ila wasafiri hupenda zaidi mashine ikizimwa."

"Kumbe wanalipa ili izimwe," akasema, akarudi kwenye ungo wake kupepeta ufuta.

Kijana akageuka kwangu. "Huko hatuna uwezo wa kuwapeleka, baba. Lakini Unguja yapo majahazi ya machweo. Mtakaa kama masultani."

Sasa hapo, msomaji, ndipo nilipocheka, kwa sababu jahazi nalijua. Nimewahi kulipanda.

Ilikuwa Mei mwaka 1974. Nilikuwa kijana wa miaka 24, nina miaka mitatu tu tangu kutoka chuo cha ualimu, na nilitakiwa kufika Dar es Salaam kwa mafunzo ya walimu wa jiografia. Masika ya mwaka ule yalikuwa yameikata barabara ya kusini. Wasomaji vijana hawaijui adha ile. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na mto ukifurika pantoni husimama, na pantoni ikisimama mikoa yetu hugeuka kisiwa. Meli ya pwani ilikuwa imekwisha kuondoka, na hakuna aliyeweza kuniambia itarudi lini. Nikakaa Lindi siku tano nikila posho yangu ya safari. Siku ya sita mzee mmoja muuza kahawa akanionea huruma. Akaniambia lipo jahazi la chumvi na nazi, linasubiri kusi ikaze ling'oe nanga.

Safari ile ilichukua siku nne. Nahodha hakuniuliza jina. Aliniuliza kama nina nguvu za mikono. Sikuelewa maana ya swali hadi usiku. Jahazi lile lilikuwa limezeeka, kalafati yake imelegea, na maji yalikuwa yakiingia polepole bila kukoma. Kwa hiyo kila mtu, baharia na abiria, alikuwa na zamu ya kushuka ngamani kufua maji kwa debe. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wenzangu ndio walioranda tezi na omo. Mimi marejeo yangu yalianza siku ya kwanza. Nilifua maji huku nikitapika, na nilichotapika nikakifua pia.

Tulilala juu ya magunia ya chumvi. Chumvi ikipata unyevu hupita kwenye gunia, ikapita kwenye shati, ikaingia kwenye kila mchubuko. Chakula kilikuwa wali na papa mkavu, vikipikwa juu ya kasha la mchanga, na moshi wote ukija kwetu. Choo kilikuwa kikasha cha mbao kilichoning'inizwa nje ya tezi. Ukikaa humo unaiona bahari chini yako ikikimbia, nawe umeshika kamba kwa mikono miwili na kuomba dua zote unazozijua. Karibu na Mafia tanga likachanika kwa kishindo kama cha bunduki. Wakalitua, nahodha akakaa juu yake na sindano kubwa, akalishona mchana kutwa, nasi tukiyumbishwa ovyo kama kifuu. Nilipokanyaga nchi kavu Dar es Salaam mikono yangu ilikuwa imejaa malengelenge kiasi kwamba wiki nzima ya mafunzo sikuweza kushika kalamu vizuri. Nikaapa kuwa jahazi na mimi basi.

Kiapo kile nilikiingiza darasani, na hilo sijivunii. Kwa miaka mingi niliwachorea watoto ubaoni meli ya chuma yenye dohani, nikawaambia haya ndiyo maendeleo. Kisha pembeni nikachora jahazi, nikalipiga mkasi wa chaki. Nilisema ni chombo cha watu waliochelewa. Sikuwaeleza kwamba chombo hicho kilichochelewa ndicho kilichonifikisha.

Basi nilipomsikia mwanangu akisema habari za kukaa kama masultani, nilijiuliza maswali ya kizee. Imekuwaje kitu kilekile, tanga lilelile la pembe tatu, foromali ileile, kiwe mateso mwaka 1974 na anasa mwaka 2025? Sisi watu wa Nachingwea tumezoea kuziona ndoto za wengine zikipita kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga, na kwetu wakafyeka misitu kwa matrekta na kutandika reli hadi pwani. Karanga hazikukubali, na kufikia mwaka 1962 reli ilikuwa imefungwa. Lakini hili la tanga ni tofauti, kwa kuwa tanga halikushindwa. Lilibadilishiwa abiria tu.

Nikakumbuka pia habari ya merikebu ya Sultana, ambayo niliwahi kuisoma nikaipenda sana. Mwaka 1840 Sultani Said wa Oman na Zanzibar aliipeleka hadi New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Ilifika mwezi Aprili, ikiwa na karafuu, kahawa, tende, mazulia na pembe za ndovu, na farasi wa zawadi kwa Rais wa Marekani. Watu wa mji ule walimiminika kuitazama. Mjumbe alichorwa picha, akakaribishwa mezani kwa wakubwa, na merikebu yenyewe ikakarabatiwa na jeshi la majini la Marekani bila malipo. Niliwahi kuwasimulia watoto habari hiyo kama fahari yetu. Lakini pembe za ndovu hazikuota Unguja. Zilitoka bara, nyingi zikipitia bandari kama za Kilwa, na zilifika Kilwa juu ya mabega ya watu. Baadhi ya wabebaji hao, wakifika pwani, waliuzwa pamoja na mizigo waliyoibeba.

Nikaona, kwa fikira zangu za kule shambani, kwamba tofauti haiko kwenye tanga wala kwenye mito ya hariri. Anayestarehe ni yule anayejua kwamba akichoka atashushwa. Mimi mwaka 1974 nilikuwa katikati: sikuweza kushuka kabla ya Dar es Salaam, lakini nilijua Dar es Salaam ipo na mshahara wangu unanisubiri. Hapo ndipo nilipofikia, na nilijiona nimewaza sana.

Tatizo likawa mke wangu. Alisema, "Mimi jahazi sipandi."

Nikamweleza kwamba siku hizi kuna majaketi ya kuokolea. Nikamweleza kuwa Julai upande wa mji wa Unguja umekingwa na kisiwa, kusi haileti mawimbi makubwa huko. Nikamchorea ramani kwa kijiti chini ya mwembe. Alisubiri nimalize.

"Sikusema naogopa maji," akasema.

Msomaji, mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza hapo: basi unaogopa nini? Sikuuliza. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na ukuu ule una ugonjwa wake: unazoea kujibu kabla hujaulizwa, na kueleza kabla hujaelezwa. Nikawaambia watoto kwamba mama yenu ana woga wa kike tu, utamtoka. Wao wakambembeleza kwa njia yao, hasa binti yetu mkubwa, mpaka akakubali kwenda Unguja. Kwenda Unguja tu, alisema. Habari ya jahazi wasimtajie.

Tuliondoka Nachingwea alfajiri. Juu ya Daraja la Mkapa nilimwonyesha mto, nikamhadithia tena habari ya pantoni. Akaniambia, kwa upole, kwamba anaijua, kwa kuwa naye alikuwapo duniani. Alikuwa ameshika kapu lake miguuni na hakuliweka kwenye sehemu ya mizigo. Kesho yake tulipanda boti ya kwenda Unguja, ya chuma, iendayo kasi, yenye televisheni. Safari nzima alitazama dirishani, na sikuona dalili ya woga wa maji.

Asubuhi iliyofuata kijana alitupeleka Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ile baharini, na misheni ya Waanglikana ikajenga kanisa papo hapo. Hayo nilikuwa nayajua sana. Nikajua pia, na ndivyo nilivyomwambia kijana aliyekuwa akituongoza, kwamba Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa hilo, mwaka 1876 aliwachukua watu waliokombolewa, akawapeleka kwa njia ya Lindi kurudi kwao bara, na wengi wao wakaishia Masasi, jirani zetu kabisa. Niliongea vizuri. Watalii wawili watatu wakasogea kusikiliza ingawa hawakujua Kiswahili, na yule kijana kiongozi akanyamaza kwa heshima. Nilikuwa nimerudi darasani, na nilifurahi.

Nilipogeuka, mke wangu hakuwapo. Nikamkuta nje, kwenye ile sanamu ya shimo, iliyochongwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs wa Sweden: watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni, vichwa vyao viko usawa wa miguu ya mtazamaji. Alikuwa amewakazia macho, kapu lake mkononi.

"Hawa walipita wapi?" akaniuliza.

"Wengi walipita Kilwa."

"Kilwa naijua. Kutoka Kilwa hadi hapa walipita kwenye nini?"

"Kwenye majahazi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akihakikisha hesabu aliyoijua. "Basi jioni tutapanda," akasema.

Jahazi lile lilikuwa zuri, sitadanganya. Mbao zake zilikuwa zimepakwa mafuta zikang'aa, mikeka na mito imetandikwa kila mahali, na taa ndogo zimening'inizwa kwenye kamba. Palikuwa na watalii kama kumi na watano, maharusi wawili kutoka Nairobi, na sisi. Kijana mmoja alileta sambusa na kachori, mwingine juisi, mwingine kahawa na kashata. Mzee mmoja alipiga udi, taarabu ya kale. Tulitoka Shangani kwa mashine, ikinguruma chini ya sitaha, na tulipofika nje wakaizima, vijana wanne wakasimama, wakaanza kutweka tanga wakiimba, na foromali ikapanda polepole. Tanga likajaa. Watalii wakapiga makofi. Mikono yangu ikafanya jambo ambalo sikuiamuru: ilijikunja, kama inatafuta debe.

Nahodha aliliona hilo. Alikuwa mtu mzima, ananikaribia umri. Akaniita nikakae karibu naye kwenye usukani.

"Mzee, wewe umepata kusafiri."

"Mara moja. Lindi hadi Dar es Salaam. Chumvi na nazi."

"Ulifua maji?"

"Siku nne."

Alicheka hadi akatoa kofia. Akaniambia ujana wake wote aliumalizia kwenye majahazi ya boriti, kuzileta Unguja kutoka kwenye mikoko ya Rufiji, na kwamba hata yeye hana hamu na siku zile. Sasa kazi ni saa mbili jioni, kwa upepo huuhuu, na malipo yake hayalingani na boriti za wiki nzima. Wageni, alisema, humwuliza kila siku kama anafurahi kuwa baharini. "Najibu ndiyo. Na kweli nafurahi. Lakini nafurahi kwa sababu nitalala nyumbani." Kisha akanionyesha jinsi jahazi lenyewe linavyozidi kuwa ghali kulitunza, kwa kuwa mafundi wa kuliunda wamepungua, mbao nzuri ni adimu, na kalafati ya pamba isiporudiwa kwa wakati maji hayaulizi kama waliomo ni watalii au chumvi. Hapo nami nikacheka.

Ni katika kucheka huko nilipomtazama mke wangu. Alikuwa ameketi omo, peke yake, ameupa mgongo mwanga wa jua. Watalii wote walikuwa upande wa magharibi wakipiga picha jua likizama. Nikaenda nikakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote nikafunga mdomo.

Baada ya kitambo akaanza kuniambia, kwa Kimwera, ili maneno yasiende kwa mwingine.

Bibi wa bibi yake alikuwa na dada mkubwa. Walikuwa wakikaa upande wa Mbwemkuru. Siku moja ya kiangazi walikwenda watatu kuchota maji kwenye visima vya mchangani, wakarudi wawili. Miaka ikapita. Akatokea mwanamume aliyewatoroka wenyewe huko Kilwa, akasema alimwona binti yule akiingizwa kwenye jahazi, hai, mzima, na kwamba alipopandishwa aliuliza kama huko anakokwenda kuna mto. Basi. Hakuna kilichosikika tena. Ukoo haukumlia msiba, kwa sababu hakuna aliyeona maiti, na haukumsubiri, kwa sababu walijua. Wakalishika jina lake. Kila kizazi msichana mmoja hupewa. Bibi yake alikuwa nalo, shangazi yake alikuwa nalo, na yeye mwenyewe analo.

Jina hilo nilikuwa nalijua. Nilimsikia mama yake akimwita kwa jina hilo tulipokuwa wachumba mwaka 1975, nikadhani ni la utani wa utotoni. Halimo kwenye cheti chetu cha ndoa.

"Bibi aliniambia, ukipanda chombo kile usipande mikono mitupu," akasema. Akafungua kapu. Ndani ya kitambaa alikuwa na unga wa mtama, ule tunaotambikia wazee chini ya mti wa msolo. Alikuwa ameusaga Kiegei kabla hatujaondoka, wakati bado anatuambia kwamba jahazi hapandi. Yeye ni mama wa kanisa, na nilijua asingependa nimwulize juu ya hilo, nami sikumwuliza. Akainama, akaumwaga kidogo kidogo, akisema maneno machache, jina likiwemo. Unga ukapeperuka kidogo, mwingine ukakaa juu ya maji meupe, ukabaki nyuma.

Sijui nahodha aliona nini kutoka tezi. Ninachojua ni kwamba udi ulinyamaza, na haukuanza tena mpaka mke wangu alipokaa sawasawa na kukunja kitambaa.

Nimefundisha miaka 39, msomaji. Kila mwaka nilifundisha biashara ya utumwa. Sababu tano, athari sita, njia za misafara tatu; nilikuwa na ramani yangu ya mishale iliyoanzia Ziwa Nyasa, ikapita juu ya vijiji vyetu bila kuvitaja, ikaishia Kilwa. Watoto walifaulu. Na kwa miaka hiyo yote nilikuwa nikirudi jioni kula ugali na mtu ambaye mshale ule ulipita kisimani kwao. Hakunificha. Nilipomwuliza kwa nini hakupata kuniambia, alinijibu bila hasira, "Ulikuwa unafundisha."

Kurudi tulirudi kwa mashine, kwa kuwa upepo sasa ulikuwa wa mbele na hakuna aliyelipia kubisha. Giza lilikuwa limeingia, taa za Forodhani zinaonekana. Mke wangu alikula sambusa nne, akaomba na kahawa, akamwuliza yule bibi harusi wa Nairobi kama huko kwao ufuta unastawi. Tuliposhuka nahodha alimshika mkono kumvusha kwenye ubao. "Karibu tena, bi mkubwa," akamwambia. Naye akajibu kwamba hatarudi, lakini ahsante, kazi yao ni nzuri. Njiani akamwuliza mwanawe bei. Kijana alikataa kuitaja, akambana mpaka akaitaja kwa dola, akaigeuza kuwa shilingi, kisha kuwa kilo za korosho, akanyamaza hadi tulipofika nyumba ya wageni.

Hapa Kiegei wanawake wenzake walimwuliza yaliyomkuta huko. Akawaambia kuna upepo. Kwa mimi mambo yamebadilika kidogo. Jioni humwuliza habari za watu wa kwao, na yeye hunieleza kama anavyotaka, wakati mwingine hanielezi. Nilipomwambia nataka kuandika haya, alifikiri siku mbili. Akaruhusu yote isipokuwa jina. Jina lisiandikwe, alisema, linaitwa tu.

Ubao wangu wa zamani wa kufundishia bado uko ghalani. Juzi nilimchorea mjukuu jahazi juu yake, nikajaribu kukumbuka foromali inakaaje. Mjukuu alisema linafanana na kipepeo.

Picha za safari ile kijana wetu alizisafisha akatuletea zikiwa kwenye fremu. Kubwa kuliko zote ni ile ya jahazini: mimi nimeketi na bilauri yangu, natabasamu kama mtu aliyezaliwa hapo, na nyuma yangu, omo, mama yake anaonekana ameinama, uso hauonekani. Kijana alisikitika kwamba ndiyo picha pekee yenye tanga lote, na mama ameiharibu. Akaniuliza alikuwa anatafuta nini majini. Nikamwambia aende jikoni akamwulize mwenyewe.